Vyombo vya Msiba wa Mama

Nyumba yetu ya Rhotia ilikuwa ya kwanza pale kijijini kuwa na mashine ya kuosha vyombo. Niliinunua mwenyewe, kama nilivyojisomesha mwenyewe stashahada ya hoteli huko Ulaya, nikiosha sahani za watu ili nilipe ada. Sikurudi na mabegi tu, nilirudi na maarifa.

Siku tuliyomzika mama sikuhisi kitu. Niliona udongo mwekundu, nikaona watu wanakula, nikaona rundo la sahani. Kiangazi kilikuwa kikali, tenki limebaki robo, na mwenye boza la maji hapokei simu kirahisi. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameshapanga mabeseni uani na wanawake wenzake, kanga viunoni.

"Acheni," niliwaambia. "Nyinyi mtamaliza tenki. Mashine inatumia maji kidogo mno."

"Ehe, Mzungu wetu," shangazi alisema. "Na hiyo mashine yako, pambio inaimba?"

"Inanguruma," mwenzake akadakia. "Itaimba besi."

Wakacheka kidogo. Nikapakia sahani, nikabonyeza.

Kwetu, wanaoosha vyombo ndio wanaolala msibani mpaka matanga yaanuliwe. Mikono ikikosa kazi, miguu huaga. Walikaa, wakatazama mabeseni matupu, kisha mmoja akakumbuka ng'ombe, mwingine akakumbuka kuni. Shangazi aliondoka wa mwisho.

Sahani zilitoka zinang'aa. Maji ya tenki hayakushuka hata kidole. Nilimwita baba aone.

Hakutazama tenki. Alitazama ua.

"Wako wapi?"

"Nimewapumzisha, baba."

"Analala nani hapa leo?"

"Mimi nipo."

Alianza kuzitoa sahani, zikiwa bado za moto, akazibeba hadi uani, akazitumbukiza kwenye beseni na kuzimwagia ndoo nzima ya maji.

"Kamwambie shangazi yako vyombo bado."

Nilikwenda. Shangazi alirudi na wenzake kabla jua halijazama. Aliinua sahani moja, akaigeuza, akamtazama kaka yake aliyekaa kwenye kigoda. Alikaza kanga yake, akaanzisha pambio, wengine wakaipokea.

Waliosha kila kitu upya, na koki ikaachwa wazi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mguu wake ukifuata wimbo. Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza maji.

Mashine ile inaokoa maji. Abishaye na aje nimwonyeshe. Kulipokucha nikapiga simu kuita boza.