Mirathi ya Darubini

Nilipokuwa katika eda watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira, nilikuwa sisikii kitu. Wanawake wanalia, mimi nawatazama tu, na chai yangu inapoa.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa amejenga kwenye shamba letu, njia ya Ganze, mahali taa za Malindi hazifiki kuharibu anga. Ubavuni mwa chumba chetu cha kulala alijenga chumba chenye paa la bati la kusukuma, na ndani yake akaweka darubini kubwa, bomba lake nene kuliko pipa la maji. Alikuwa akipiga picha za nyota na kuwapelekea watafiti wa ng'ambo. Majirani walisema ati anamchungulia Mungu. Yeye alicheka tu.

Bomba lenyewe, alinifundisha, si kitu. Kazi yote ni ya mtambo ulio chini yake. Dunia inazunguka, nyota inakimbia, na picha moja huchukua muda mrefu. Bila mtambo wa kulizungusha bomba polepole kuifuata nyota ile ile, utapata michirizi mitupu. Mtambo nao unataka nguzo ya zege iliyozama ardhini, isiyogusana na sakafu, mtu akitembea picha isitikisike. Nilikuwa nikimwambia kitu hicho kina masharti mengi kuliko mke, naye akisema ni kweli.

Kabla eda haijaisha, mashemeji zangu wawili walikuja na mavyaa, mama yao, kwa ajili ya mirathi. Hatukujaaliwa watoto, kwa hivyo wao ndio warithi pamoja nami. Sikuwalaumu, mali ya maiti haiachwi ikalala. Shamba tukaelewana, ng'ombe tukaelewana. Ikabaki darubini.

"Chukueni ng'ombe wangu," nilisema nyuma ya pazia, "lakini ile iachwe pale pale, nzima."

Ndicho kitu pekee nilichokitaka duniani, na nilikiomba kama mtu anayeomba chumvi.

Shemeji mkubwa alijibu kwa upole. "Shemeji, kitu kizima kikibaki kwa mmoja, wengine tumedhulumiwa. Na dhuluma itamfuata ndugu yetu kaburini."

Sikuwa na nguvu ya kubishana na kaburi. Basi wakaigawa kama mbuzi wa karamu. Bomba likapakiwa lori kwenda Mariakani kwa shemeji mdogo. Mavyaa akapewa kamera. Mtambo ukaenda Malindi kwa shemeji mkubwa, wanaume wanaubeba huku wanaguna. Mimi nikaachiwa nguzo, kwa kuwa haing'oki. Niliwasikia wakifungua skrubu, nikaendelea kukunja nguo.

Nilipotoka eda nilikwenda Malindi kumwamkia mavyaa, anayekaa kwa mwanawe mkubwa. Nikaukuta mtambo sebuleni juu ya meza, umevishwa kitambaa cha fuma, na maua ya plastiki yamefungwa mahali pa bomba. Shemeji alitaka nione kwamba hakuuharibu. Akauchomeka kwenye umeme.

Ukaanza kuvuma ile sauti nyembamba niliyolala nayo miaka yote, ikitoka upande wa pili wa ukuta. Mwanzo hatukuona kitu, tukanywa kahawa. Tulipotazama tena, maua yalikuwa yameinama upande wa mlango.

"Unafuata nini huu?" mavyaa aliuliza.

"Nyota, mama," nilimjibu.

"Humu ndani?"

"Haujui kama uko ndani. Wala haujui kama bomba halipo."

Mavyaa aliweka kikombe chini. "Uzime, mwanangu," alimwambia shemeji. "Uzime, tafadhali."

Shemeji akauchomoa. Sauti ikakatika.

Hapo ndipo mume wangu alipokufa. Nilipiga ukemi ambao watu waliungojea siku ya mazishi, nikaanguka sakafuni. Nilimlilia mpaka alasiri ikaadhiniwa, mavyaa amekipakata kichwa changu, na shemeji amesimama na waya mkononi, hajui auweke wapi.