Kifurushi cha Elineema

Elineema, Mpare wa Same, aliletwa Nachingwea mwaka 1999 na mradi uliogawa kompyuta kuukuu kwenye shule za Nachingwea na Ruangwa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi. Kompyuta zilitumia Linux, mfumo ambao mtu yeyote anaweza kuusoma hadi ndani. Balaa ilikuwa printa. Kampuni ya ng'ambo iliyozitengeneza ilitoa programu ya kuziendesha iliyofungwa: unaitumia, lakini huoni ilivyoandikwa, wala huruhusiwi kuigawa bila idhini.

Elineema akawaandikia. Walipokaa kimya akaandika tena, na tena. Mwaka mzima alipanda basi kwenda Masasi kwenye intaneti, hadi wakampa idhini kwa jina lake. Basi akaitia programu ile kwenye kifurushi ambacho Linux inakipokea. Kila Linux ilipobadilika, alikitengeneza upya. Ndani yake aliandika jina lake, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, ili mtu akikwama ajue pa kuuliza.

Mwaka 2006 Dastani, mkuu wa mradi, alikionyesha kifurushi kwenye mkutano Dar es Salaam. Jina la Elineema lilikuwa limefutwa, la Dastani limekaa pale. Aliporudi akamwita ofisini.

"Mkataba wako hatutauendeleza. Kazi imekwisha, kifurushi tunacho."

"Kifurushi cha nani, bosi?"

"Cha mradi," Dastani alijibu, macho kwenye simu.

Elineema hakugombana. Alihamia Ruponda kwa wakwe zake, akalima ufuta, akangoja. Alijua kwamba siku Linux itakapobadilika, kifurushi cha zamani kitakufa, na kwa vile programu iliyomo imefungwa, hakuna fundi atakayeweza kuifungua akaitibu. Programu mpya ingetoka kwa kampuni tu, na kampuni ilimjua mtu mmoja.

Alingoja miaka miwili. Shule zikawekewa Linux mpya, printa zote zikagoma. Kampuni ikamtumia Elineema programu mpya. Akatengeneza kifurushi hukohuko Masasi kwenye intaneti, akakichoma kwenye sidii, akaificha sandukuni chini ya vitenge vya mkewe. Kila alipolifungua sanduku aliigusa.

Baada ya wiki kadhaa Dastani akafika Ruponda na gari la mradi, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mzee Elineema." Hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Unataka nini?"

"Wafadhili wanakuja Jumatatu. Hakuna printa inayofanya kazi. Nisaidie, baba."

"Si kifurushi chako? Kifungue."

"Hakifunguki. Wewe unajua."

"Najua."

Akaendelea kupepeta ufuta. Dastani alisimama juani mpaka shati likamgandia mgongoni, kisha akaondoka. Elineema alikuwa akisimulia kwamba hajawahi kula ugali mtamu kama wa mchana ule.

Wafadhili walikuja, wakakuta printa zote zimegoma. Mwezi haukuisha Dastani akaondolewa. Hapo ndipo Elineema alipotoa sidii, akapanda baiskeli, akazunguka shule moja baada ya nyingine. Shule ya Mandawa walimpokea kwa vigelegele. Kila printa ilipoamka, karatasi ya kwanza aliyoitoa ilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa.

Katika shule ya Matambarale, Mwalimu Laurencia aliisoma karatasi ile, asicheke.

"Hii dawa unayo tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu. Wanangu wamefanya mtihani wa majaribio wakinakili maswali ubaoni. Wa nyuma hawakuona kitu. Wale walikukosea nini?"

"Sikuwa na ugomvi nao, mwalimu."

"Lakini ndio uliowapiga."

Habari za Dastani hazikumnyima Elineema usingizi hata siku moja, na alipoulizwa alisema angefanya vilevile. Ila Matambarale alirudi mara nyingi, hata printa ilipokuwa nzima, akakaa kwenye benchi la nje akingoja Laurencia amkaribishe ndani.