Kunde za Shamba Lililolia

Tulieni, enyi watu wa Suguti. Mwenye jembe aliweke chini, mwenye sikio alifungue. Neno hili ni zito kwangu kulisema.

Nilipokuwa mtoto, niliishi na bibi yangu kando ya shamba jeupe. Kila kiangazi chumvi ilipanda juu ya udongo ikatanda kama unga uliomwagika. Kijiji kilikuwa na sababu yake: babu alizama ziwani, na mwili wake haukuonekana. Machozi ya mjane asiyezika, walisema, huzama ardhini, na ardhi huyarudisha. Atakayepanda mbegu ya shamba lililolia, ziwa litadai mtu nyumbani mwake.

Basi tukaishi kama watu waliotengwa nje ya kambi. Hata kanisani, benchi letu halikujaa kamwe.

Bibi hakubishana. Aliwaomba wafugaji, ambao ng'ombe wao walikuja kulamba ile chumvi, wawalaze pale, samadi akaichimbia. Kisha akapanda kunde, si juu ya tuta ambako weupe ulijikusanya, bali ubavuni mwake. Nyingi zilinyauka. Zile chache zilizozaa hatukuzila, hata wakati wa njaa.

"Hizi zimevuka jangwa," aliniambia. "Ni za kupanda."

Msimu baada ya msimu, kijani kikaongezeka.

Desturi yetu ilikuwa hii: kabla ya mvua, wanawake walimimina mbegu zao katika ungo mmoja uani mwa kanisa, zikaombewa, kila mmoja akachota fungu lake. Tangu msiba, bibi hakuwa amemimina. Mwaka ambao kunde zilijaza kibuyu, alivaa kanga safi, tukaenda. Jirani yetu, Mama Magesa, alipotuona aliufunika ungo kwa upande wa kanga yake.

"Hapana, mama. Mimi nina watoto ziwani."

"Hata mimi nilikuwaga na mtu ziwani," bibi akajibu. "Tafuna hata moja. Haina chumvi."

"Afadhali ingekuwa nayo," mmoja akadakia, "tungepumzika kununua ya dukani!" Wakacheka.

Bibi hakucheka. "Mama Magesa, chumvi haijui mpaka wa shamba. Ikivuka kwako, utanitafuta."

"Unanilaani?"

"Ninakupa mbegu."

Tulirudi na kibuyu kimejaa. Alizipanda peke yake hadi alipofariki. Siku ya kumaliza matanga, wazee walikichoma kibuyu pamoja na mkeka wake, ili ziwa lisidai mtu. Nilizisikia kunde zikipasuka motoni.

Sasa ninaishi Kigera, mjini Musoma. Nilipokwenda kijijini msimu uliopita, weupe ulikuwa umefika mlangoni kwa Mama Magesa, ambaye sasa ni mzee wa kushikwa mkono.

"Mjukuu wangu," aliniuliza, "hukubakiza hata konzi moja?"

Sikuwa na kitu. Niliketi naye, tukalitazama shamba lake, wala sikupata moyo wa kumhukumu. Alikuwa mama aliyewahofia wanawe. Lakini ukweli lazima usemwe: hatukulaaniwa. Tuliomba mkate, Mungu akauotesha katika nchi ya chumvi, nasi tukauchoma moto kwa sababu hatukuipenda nyumba aliyoupitishia.

Kuna mjane kijijini kwako ambaye benchi lake halijai. Mwendee leo, kabla ya mvua. Uondoe kanga yako juu ya ungo, umwambie: mama, mimina.