Mwalimu Aliyekataa Kuitwa Amepona

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa kusini mwa London, Muuguzi Mkuu wa wodi alinitazama viatu kwanza, kisha akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nne, Muheza, ila mikono imesoma zaidi. Akacheka, akanipa aproni. Nilianza mhudumu wa wodi ya magonjwa ya akili, nikastaafu msimamizi wa wahudumu, na sikubebwa na mtu.

Nyinyi vijana hamkuyajua makabidhiano yetu. Zamu ikiiachia zamu nyingine kazi, tulimsoma mtu kwa kitanda na ugonjwa. Kitanda cha tatu, wasiwasi. Cha nne, ulevi. Cha tano, ushoga. Ndiyo, ulihesabiwa ugonjwa, ulikuwamo kwenye kitabu cha madaktari cha magonjwa. Tiba yake ilikuwa sindano ya kutapisha: mtu anachomwa, anaonyeshwa picha za wanaume, anatapika, eti mwili ujifunze kuchukia. Picha alishika daktari. Beseni nilishika mimi.

Kitanda cha tano alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole. Shule yake ilimwambia apone kwanza ndipo arudi, basi akaja kwa miguu yake. Alitapika mpaka akawa anatoa nyongo tupu.

Kisha tukaletewa Daktari Bingwa mpya. Alitukusanya, akasema wenzake wa Marekani wameufuta ushoga kwenye kitabu chao cha magonjwa, na ingawa orodha ya magonjwa ya dunia nzima bado haijafuata, katika wodi yake sindano zimekoma. Muuguzi Mkuu akauliza ni dawa gani hiyo iliyoponya watu wote kwa mpigo. Tukacheka. Daktari hakucheka. Alisema mashoga waliopimwa walikutwa wazima kama sisi, na wenyewe walisimama mbele ya madaktari wakadai wasikilizwe.

Lakini mkuu wa shule alitaka kusikia kwa simu, kwa mdomo wa daktari, kwamba mtu wake amepona. Mwalimu akaitwa ofisini. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

“Nikisema umepona, Jumatatu unaingia darasani,” Daktari alimwambia. “Ila mtu haponi ugonjwa ambao hakuwa nao. Chagua wewe.”

“Mwambie ukweli.”

Nilimfuata mwalimu koridoni nikamwambia asiwe mjinga, kazi ni kazi, uongo wa neno moja hauui.

“Wewe ndiye uliyenishikia beseni,” akanijibu taratibu. “Unataka niseme lilinifaa?”

Nikarudi ofisini kumalizia vikombe.

Simu ikapigwa, shule ikamwachisha kazi. Mgonjwa aliyepona wangempokea. Mzima hawakumtaka.

Orodha ya dunia ilikuja kufuata baadaye sana, hapo mimi nimeshaota mvi. Sasa nimestaafu, na vijana wa kanisani kwetu Thornton Heath, wengi wao walezi wa wazee, huniuliza kama kweli hakuna hata mmoja aliyepona. Nawaambia wapo walioruhusiwa kwenda nyumbani wakiitwa wamepona. Nilikuwa nikikutana nao sokoni Lewisham, na wakiniona wanageuza njia. Mwalimu aliishia kuuza viazi soko hilohilo, yeye na mwanamume aliyeishi naye hadi uzeeni. Yeye mwalimu hakugeuza njia, alikuwa akiniita kwa sauti toka ng'ambo ya barabara, nivuke nimsalimie mwenzake.