Sampuli ya Mjane wa Murungu

Miaka ya sabini nilikuwa msaidizi katika maabara ndogo ya utafiti wa tumbaku pale Kasulu. Nilikuwa kijana wa Tanga mwenye koti jeupe na maringo ya kuuza. Kazi yangu ilikuwa kusaga majani makavu, kuyachemsha na soda kali, kuukinga mvuke wake kwenye asidi, kisha kupima tone kwa tone hadi nijue jani lina nikotini kiasi gani. Wenyeji walikuwa na kipimo kifupi zaidi: walivuta.

Mkuu wangu alitafuta mbegu kali ya kienyeji aichanganye na ya kisasa. Akanituma Murungu, upande wa Kibondo, kwa mjane mmoja ambaye tumbaku yake ilisifiwa na kila mtu. Kipimo kikionyesha ukali wa kutosha, shamba lake lingebaki. Kisipoonyesha, angeng'oa yote apande mbegu yetu. Mama yule alichagua majani mwenyewe, moja moja, akayafunga kwa majani makavu ya mgomba.

"Mwana wanje, haya ndiyo nampa mgeni wa heshima," alisema, akiniita mwanawe kwa lugha ya kwao.

Wakati wa kurudi lori liliharibika, tukakaa porini siku mbili. Sigara zilikuwa zimeadimika madukani, na mimi mvutaji. Nikajiambia jani moja halina neno. Nikachana gazeti, nikasokota, nikavuta, na kizunguzungu kikanipata hadi nikashika ubao wa lori. Ilikuwa kali na tamu. Tulipofika Kasulu nilikuwa nimebakiwa na vikonyo.

Mkuu alikuwa anangoja. Niliingia ghalani, nikachukua majani ya shamba letu la mfano, mapole kama uji wa mgonjwa, nikayasaga na kuyaandikia jina la mama yule. Kipimo nilikifanya kwa uangalifu mkubwa, na hilo linanitia aibu kuliko yote, kwamba katika uongo ule sikukosea hata tone. Jibu likatoka: tumbaku dhaifu. Mkuu akaandika barua ya kung'oa, akanipa niipeleke.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilifika hadi Murungu. Nilimsomea barua uani kwake, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Labda mmechanganya na ya mtu mwingine?" aliuliza, bila ugomvi.

Angalinitukana ningalipata nguvu ya kusema ukweli. Lakini aliniuliza kwa upole, nami nikaogopa kuachishwa kazi. "Mama," nikasema, "kemia haikosei."

Akaniamini. Hakulilia shamba. Alijifunga kanga upya, akaniomba nimsindikize kwa jirani yake, bibi mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni akivuta kiko.

"Dada, unisamehe," akamwambia. "Miaka yote nimekupa majani matupu, nikakudanganya ni tumbaku. Mtaalamu huyu hapa kaipima."

Wote wawili wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Yule bibi alikohoa, macho yakimtoka machozi kwa ukali wa ile tumbaku iliyokuwa ikiwaka. Akakitoa kiko mdomoni, akakikung'uta chini, akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Sisi tusiosoma tungejuaje?"