Siku Karoti Zilipoonekana Tumboni mwa Sultana

Nitawaambia tu, kwa sababu wale wanafunzi wameshaisambaza hii hadithi mpaka Kiserian na afadhali muisikie kwangu. Ndiyo, mimi ndiye yule mtu aliyemdanganya daktari wa mifugo huku jibu likiwa limejaa kwa skrini.

Ninachunga farasi sita pale Kisaju, na mmoja alikuwa Sultana, farasi jike mwekundu wa Mama Halima, mama mmoja mfanyabiashara ambaye familia yake ilitoka Garissa, aliyemnunulia binti yake ajifunze kupanda. Sultana akaanza kukonda. Anakula kidogo, anaacha, mate yanadondoka, mbavu unazihesabu kutoka kwa geti. Sasa mimi, bingwa wa tiba (nimeishi na farasi miaka minane, nani ataniambia kitu?), nikasema ni minyoo. Nikampa dawa. Akakonda. Nikampa tena. Akaendelea kukonda, nikatangaza kwa ujasiri kwamba ni meno. Miezi miwili ikaenda hivyo, mimi nikitoa maoni kila asubuhi kama waziri.

Mama Halima alipochoka na hekima yangu akamwita Daktari Naisola. Daktari alimpima Sultana damu, akaona imepungua sana, akasema anashuku kidonda kikubwa au saratani ya tumbo, lakini kwa macho ya nje hawezi kujua. Kuna mpira mrefu wenye kamera na taa, mita tatu, unaingizwa puani mpaka tumboni. Angeuazima Nairobi kwa siku moja tu.

"Bwana Makokha," akaniambia, "asile kitu chochote kuanzia leo saa kumi jioni. Tumbo likiwa na chakula sitaona ukuta wake, na saratani inajificha hapo ukutani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Asubuhi nikamkuta Sultana amesimama mbele ya ndoo tupu, ananiangalia. Wiki nzima alikuwa anakataa chakula, lakini siku hiyo moja aliyokatazwa ndiyo akaamua kuwa na njaa. Akanisukuma kifuani na pua yake. Nikajiambia, karoti mbili haziwezi kuharibu sayansi. Alizila vizuri sana, mimi nikafurahi, zikawa kumi, halafu nikaona zitakuwa kavu mno nikamkorogea na pumba za ngano zilizoloweshwa (mwenye huruma hafanyi kazi nusunusu).

Saa tatu daktari akafika na wanafunzi kumi na mmoja wa udaktari wa mifugo. Mama Halima alikuwa amekuja na binti yake, na majirani wawili walikuwa wamesikia kuna televisheni ya matumbo.

"Amekula?" daktari akauliza.

Hapo ningesema ukweli tungecheka kidogo tukapanga siku nyingine. Lakini Mama Halima alikuwa ananiangalia.

"Hajagusa kitu," nikasema, na wanafunzi wakaandika.

Sultana akachomwa dawa ya kumlegeza akiwa amesimama, mpira ukaingia, sisi sote tukakodolea skrini iliyowekwa kwa boneti ya gari. Koo ikapita, nyekundu, safi. Halafu tukafika tumboni na kila mahali kukawa rangi ya machungwa.

Mwanafunzi mmoja akauliza hiyo ni nini. Na mimi, badala ya kunyamaza kama mtu aliyelelewa vizuri, nikasema, "Labda ndiyo hiyo saratani yenyewe."

Daktari akageuka polepole. "Saratani iliyokatwakatwa, Bwana Makokha? Na pumba juu?"

"Boss, hiyo ni karoti," mwanafunzi akanisaidia, kama nilikuwa nimekosa jina tu.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Halima hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Makokha, mimi nilikuamini," na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko chote.

Kamera ikarudi Nairobi. Tulingoja siku nane ndipo ikaazimwa tena, na safari hiyo nilikaa mlangoni pa zizi kama askari, kila mtu aliyepita na mfuko namtazama vibaya. Tumbo likawa tupu. Nikaona mwenyewe: karibu na pale koo inapoingilia tumbo, uvimbe umechanua kama koliflawa, unavuja damu. Daktari akanyofoa vipande vidogo kupitia ule mpira, maabara ikavipima. Saratani, na ilikuwa imeenea. Hakuna dawa ya kumponya. Mama Halima na binti yake walikuja kumuaga, Sultana akachomwa sindano ya kumpumzisha, akalala kwenye nyasi, mimi nimemshika kichwa.

Nilimuuliza daktari kama zile siku nane ndizo zilizomuua. Akasema hapana, ugonjwa huu hugunduliwa ukiwa umechelewa, pengine hata mapema asingepona. "Lakini miezi miwili ya dawa za minyoo," akasema, "alikuwa anaumwa, na wewe ulikuwa na majibu."

Siku hizi farasi akikohoa mara mbili napiga simu, na daktari akiuliza amekula nini nataja mpaka nyasi aliyoiba kwa jirani, hata wanafunzi wakiwepo na kalamu zao.