Taya la Sijaona

Sijaona alikuwa akikaanga sambusa kwenye kibaraza cha nyumba yake, mtaani Buyenzi, na watu walizinunua pamoja na maneno yake. Hakuna mpita njia aliyesalimika. Mwenye matege alipata lake, mjane alipata lake. Hata mwaka ule wa vikwazo, nchi jirani zilipofunga mipaka, mafuta yalipoadimika na sambusa zikawa ndogo kama kidole gumba, wateja waliendelea kuja kwa sababu kwake walicheka, na kicheko nacho kilikuwa kimeadimika.

Aliyechekwa kuliko wote ni Népomuscène, muuguzi wa zahanati ya mtaa. Alikuwa amekimbia mapigano ya mtaa wa Kinama na shati moja mwilini, mkewe ameuawa, akapanga chumba Buyenzi. Alasiri moja risasi zililia upande wa mto Ntahangwa, naye akajitupa chini ya meza ya Sijaona. Alibaki huko, magoti kifuani, hata watu walipoanza tena kula. Alipotoka, suruali ilikuwa imelowa. Mtu mwingine angetazama pembeni. Sijaona alimpa jina la Muganga wa Mvunguni, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa nalo. Wagonjwa walimwita hivyo hadi ndani ya chumba cha sindano.

Kisha gego likaanza kumuuma Sijaona.

Alianza na karafuu, kama mama yake alivyomfundisha, akaibana juu ya jino hadi ulimi ukafa ganzi. Maumivu yakahamia sikioni. Alisukutua maji ya chumvi, lakini akaacha upesi, maana hakuwa na subira na dawa ya polepole. Akamwendea Huseni, fundi wa magari wa jirani. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na mafundi wana dawa yao: pamba iliyochovywa kwenye asidi ya betri.

"Fumba macho, dada," alisema Huseni. "Hii inaua jino na ukoo wake wote."

Iliua kweli, kwa siku moja. Alipoamka siku iliyofuata, fizi ilikuwa imeungua, na shavu limefura hadi jicho likabaki mstari. Akalikanda kwa kanga iliyopashwa juu ya makaa, na uvimbe ukazidi. Taya likakaza. Kijiko hakikupita, na mate yaliyomshinda kumeza yalimtiririka kidevuni. Uvimbe ulipoanza kushuka shingoni, Huseni mwenyewe aliingiwa na hofu.

"Shemeji yangu wa Gatumba alikufa hivi hivi. Ikifika ku koo, pumzi inafungwa. Enda kwa muganga leo, apana kesho."

"Muganga gani?" aliuliza kwa meno yaliyofungana, ingawa alijua. Askari walikuwa wameuzunguka mtaa kwa msako tangu asubuhi, na hospitali zote zilikuwa upande wa pili wa bunduki zao. Muganga aliyebaki alikuwa mmoja tu.

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Watu walipomwona walisogea, lakini si kwa huruma. Walitaka kuona vizuri.

"Aa, mama Sijaona! Leo sambusa umeificha mu shavu?" alisema Gaspard, mwashi, ambaye naye alikuwa amelishika shavu lake lililovimba.

"Umuache," alisema Geneviève, mjane wa nyumba ya pili. "Anatafuna maneno yake mwenyewe."

Wakacheka. Sijaona alikijua kicheko kile, maana yeye ndiye aliyewalisha.

Népomuscène akatokea mlangoni, akalitazama lile shavu.

"Unatafuta nani, mama?"

"Muganga."

"Muganga nani? Mi niko na majina mawili hapa mutaani."

Benchi likanyoosha shingo kusikiliza. Sijaona alijaribu kulitamka jina alilobatizwa mtu yule, lakini midomo haikukutana. Yalitoka mate na mlio kama wa kuku anayekabwa.

"Sijasikia."

Akarudia. Gaspard akapiga paja lake. "Mutaka cha mvunguni sharti ainame!" alipaza sauti, na benchi zima likaangua kicheko. Népomuscène hakucheka. Alimngoja arudie tena, kisha tena, machozi yakichanganyika na mate, ndipo akalifungua pazia.

Ndani alimwangazia kinywa kwa tochi. "Asidi," alisema. "Mumechoma nyama, ugonjwa mukauacha. Jino siling'oi leo, taya halifunguki. Nitapasua, usaha utoke. Nitakupa dawa za kumeza. Usukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi, na moto usiuweke tena ku shavu. Uvimbe ukishuka, urudi nilitoe."

"Na sindano ya ganzi?"

"Imekwisha. Ni vikwazo, mama. Hata ingekuwepo, haishiki penye usaha."

Alisema kwa sauti ya upole, na Sijaona akamwamini. Kisha kisu kikaingia. Alishika kingo za kiti, akasikia mlio unaotoka tumboni mwake mwenyewe, na nje ya pazia benchi likaacha kucheka. Usaha ulimwagika, wenye harufu iliyomfanya hata muuguzi ageuze uso. Pamoja nao ukatoka ule mdundo wa nyundo uliokuwa ukigonga sikioni. Alimeza mate. Yalishuka.

"Merci, muganga," alishukuru, na alimaanisha.

Alikalishwa pembeni na kikombe cha maji ya chumvi. Aliyefuata ni Gaspard. Népomuscène alimkagua, akamwambia kuwa naye ana usaha, kisha akafungua droo, akatoa kichupa, akakivunja shingo na kujaza sindano.

"Tulia, Gaspard. Tungoje ishike. Hautasikia kitu."

Gaspard hakusikia kitu. Alipasuliwa akiwa anatazama dari.

Maneno yalimjaa Sijaona, na kinywa sasa kilifunguka kiasi cha kuyatoa. Népomuscène akageuka, akaona kwamba ameonekana. Hakuificha sindano.

"Utarudi Alhamisi," alisema. "Hilo gego lina mizizi mirefu."

Sijaona alitema maji yenye damu kwenye ndoo.

"Nitarudi, muganga," alisema, akanyoosha kikombe ajaziwe maji mengine.